Theluji ya Mama Kabula

Siku ya kuniaga, wanafunzi wa kidato cha pili waliniimbia theluji. Walijipanga mbele ya ukumbi, wasichana kushoto, wavulana kulia, wakapiga makofi matatu na kuanza kwa Kiingereza chao cha kwaya: theluji ni nyeupe, theluji huakisi mwanga, mwanga huunguza macho, msafiri avae miwani ya jua. Wageni walicheka mpaka wakajifuta machozi. Mwalimu Deo, kijana wetu wa somo la Kiingereza aliyeupanga wimbo ule, alinitazama kama mtu aliyempikia mama mkwe wali ukaiva vizuri. Nikatabasamu. Ningefanya nini? Nilikuwa nimevishwa vitenge viwili, kimoja juu ya kingine, na joto la saa nane mchana halina adabu.

Baada ya soda Deo akaja na ombi. Madam, akasema, tuandikie sisi walimu wachanga siri yako ya ufaulu, kurasa chache tu. Haya, Deo, umeomba. Sitaandika habari za vyeo wala za nani alipandishwa daraja akaniacha. Hayo mnayazungumza vizuri zaidi kwenye chumba cha walimu nikiwa sipo. Nitaandika kuhusu wimbo wenu. Ni mimi niliyeutunga, na laiti ningeweza kuufuta, ningeufuta wewe ungali unanyonya.

Nilikuja Mwanza kutoka Kagera nikiwa na sanduku la bati, kamusi moja, na imani kwamba mtoto akieleweshwa anaelewa. Mkuu wa shule alinipa vipande viwili vya chaki akanionyesha mlango wa kidato cha pili B. Walikuwa sabini na kitu, watatu watatu kwenye dawati. Niliandika jina langu ubaoni, nikageuka, nikauliza kama wote wanaona vizuri. Wakajibu kwa sauti moja, "Ndiyo, Madam." Nikauliza nani hajaelewa nilichosema. Wakajibu, "Ndiyo, Madam." Neno hilo limenichosha kuliko vumbi la chaki. Nimelisikia kila siku ya kazi, na sidhani kama mara kumi lilimaanisha ndiyo.

Aliyenipokea kazini ni Mwalimu Magesa wa Jiografia, mzee mrefu mwenye kofia pana ya ukindu. Kwake kulikuwa ng'ambo, Busisi. Kila Jumapili mchana alivuka na kivuko hadi Kigongo akiwa na mfuko mmoja wa nguo na mmoja wa kazi. Ndani ya mfuko wa kazi kulikuwa na futi kamba, vitabu vilivyofunikwa kwa khaki, na kipande cha kioo cha kujitazamia alichokivika soksi kisimkate. Nilidhani ni cha kunyolea ndevu.

Wiki ya pili nikamkuta nje na darasa zima, wamechuchumaa wakitazama ukuta. Mmoja ameshika kioo, mwingine beseni la maji, mwingine kipande cha bati, mwingine ungo wenye mchanga wa ziwani. Wanarushia mwanga wa jua ukutani na kubishana kipi kinarudisha mwanga zaidi. Walibishana vipindi viwili vizima. Mimi muda huo nilikuwa nimemaliza mada tatu, na nikamwambia hivyo, kwa heshima ya mtu anayejisifu. Mzee akafuta kioo chake kwa soksi. Akaniambia nikishawapa jibu lolote watoto wale, niwaulize jambo moja: kwenu iko wapi? Mtoto asiyeweza kukuonyesha kitu hicho nyumbani kwao, au kinachofanana nacho, hajakisoma bado, hata akikitaja bila kukosea.

Na kusoma kwenyewe alikuwa na namna yake. Soma aya moja, funga kitabu, msimulie mtu ambaye hajaisoma, kwa lugha mnayoelewana. Ukikwama, fungua uone ulipokwama, si mwanzo wote. Usipige mstari chini ya neno mpaka ujaribu kulieleza ukashindwa. Na kila ukimaliza ukurasa, inua uso utazame mbali, mlimani au ziwani, macho yapumzike na kichwa kiseme kilichobaki ni nini. Mimi niliona ni mambo ya wazee wasio na haraka. Muhtasari wa masomo ulikuwa mrefu, na matokeo ya majaribio yalibandikwa kwenye mbao za matangazo majina ya walimu yakiwa juu.

Sasa theluji. Kwenye kitabu chetu cha Kiingereza cha kidato cha pili kulikuwa na habari ya wasafiri wanaovuka nchi ya theluji. Jua linapiga chini, theluji inalirudisha juu, na macho yanaungua kama ngozi inavyoungua. Maumivu hayaji palepale. Yanakuja saa kadhaa baadaye, kwa hiyo msafiri hajui kilichomuumiza. Anahisi kama amemwagiwa mchanga machoni, machozi yanatoka, hawezi kuvumilia mwanga. Kisha ushauri: avae miwani ya kukinga jua yenye kingo pembeni, na kofia, hata kukiwa na mawingu asivue. Akishaungua asifikiche, asitie dawa za kubahatisha, akae gizani, aende kwa daktari. Habari nzuri kabisa, imeandikwa na mtu mwenye akili. Tatizo ni kwamba ililetwa Mwanza.

Nilijaribu, msiseme sikujaribu. Nilileta pamba. Nilileta barafu kutoka friji ya duka, ikafika maji. Mvulana mmoja aliuliza kama theluji ina chumvi, mwingine kama ng'ombe wanaila. Watoto wale nyumbani walizungumza Kisukuma, sokoni Kiswahili, na mimi niko mbele yao na Kiingereza cha theluji. Nikachoka. Siku moja nikaugeuza ushauri wote kuwa wimbo wa kujibizana, wenye makofi. Kwa wiki moja darasa zima lilikuwa limeumeza. Mtihani ulipokuja niliuweka kama swali la nne, alama kumi, na hakuna aliyekosa. Mwaka uliofuata nikauweka tena. Darasa langu likawa la kwanza, mimi nikaitwa Madam Theluji, na nakiri jina lilinipendeza.

Mwalimu Magesa alistaafu akiusikia wimbo ule kupitia dirishani. Hakuusema kwa ubaya. Aliniachia kile kioo ndani ya soksi yake, nikakitia kwenye droo ya meza yangu chini ya madaftari, nikaisukuma droo kwa goti.

Kabula aliingia darasani mwangu mwaka wa kumi na moja wa theluji. Msichana mwembamba, mkimya, mwenye kichwa cha ajabu: ukimsomea ukurasa mara mbili anaurudisha wote na vituo vyake. Nilimfanya kiongozi wa wimbo. Mama yake, Mama Kabula, alikuwa akianika dagaa kwenye mwalo ulio chini ya shule yetu, pale mitumbwi inapoteremsha mzigo. Alikuwa mjane. Msichana alimsaidia kila Jumamosi na Jumapili.

Dagaa wa pale walianikwa mchangani, na wanunuzi walilalamika kwamba wanatafuna mchanga. Mama Kabula alikuwa ameshanunua mabati ya kuezekea nyumba yake, mapya, yanang'aa, yanasubiri kuta ziishe. Akawaza jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili angewaza: kwa nini mabati yalale bure? Akayatandaza ufukweni, akaanika dagaa juu yake. Wakatoka safi, wakavu, hawana hata chembe ya mchanga. Majirani wakaja kutazama. Ilikuwa mwishoni mwa masika. Mawingu yalikuwa yamefunika wiki nzima, kisha Jumamosi moja yakafunguka, jua likatoka lote. Kabula akakaa ameinama juu ya mabati yale tangu asubuhi mpaka saa kumi, ufagio mkononi, akigeuza dagaa.

Alhamisi yake tulikuwa na mtihani. Kabula, ambaye hakuonekana tangu Jumatatu, aliingia ameshikwa mkono na mwenzake, kitambaa kimefunika jicho la kulia, la kushoto jekundu linachuruzika. Nikamuuliza ni nini. Akasema ni vumbi la dagaa, limempata tangu mwisho wa wiki. Nikamuuliza kama ataweza kuandika. Akasema ndiyo, Madam. Na mimi, mtu niliyelichoka neno hilo kwa miaka kumi na moja, siku hiyo nililiamini kwa sababu lilinifaa. Kabula alikuwa akinipandishia wastani. Nikamwambia akae karibu na dirisha, penye mwanga.

Penye mwanga! Bado nikikumbuka natamani kujipiga kofi.

Mchana ule nilikuwa nasahihisha kwenye chumba cha walimu. Nikafika kwenye karatasi yake. Mistari ilipanda na kushuka, na palikuwa na viduara vya unyevu vilivyokauka kwenye wino. Swali la nne alikuwa amejibu neno kwa neno: maumivu huja baada ya saa kadhaa, ni kama mchanga umemwagwa machoni, machozi hutoka, mgonjwa hawezi kutazama mwanga, asifikiche, asitie dawa za kubahatisha. Nikampa kumi juu ya kumi. Kalamu ilikuwa tayari imekwenda kwenye swali la tano nilipotazama tena vile viduara.

Sikumaliza rundo. Niliteremka mbio mpaka mwaloni nikiwa na chaki kwenye vidole. Yale mabati niliyaona kabla ya kuiona nyumba; ilinibidi nifumbe macho na kuweka mkono usoni. Kabula alikuwa ameketi ndani, amegeukia ukuta. Nilimwomba aniambie alichojibu kwenye swali la nne, akanisomea lote, vizuri, kwa ile sauti ya kuongoza kwaya. Nikamuuliza macho yalianza lini. Jumamosi jioni. Na mchana alikuwa wapi? Hapo nje, akigeuza dagaa.

Nikasubiri aunganishe mwenyewe. Mwalimu Magesa angeweza kusubiri hivyo mpaka kesho yake. Mimi sikuweza.

"Kabula, mwanangu, huoni kwamba ni kitu kilekile?"

Akageuza uso kuelekea sauti yangu. Hakuwa anabisha, alikuwa ananisahihisha kwa adabu, mwanafunzi mzuri anayemkumbusha mwalimu aliyesahau.

"Lakini Madam," alisema, "ile ni ya theluji."

Tulimpeleka hospitali siku ileile, mama yake na mimi. Daktari wa macho alitueleza bila kupaka rangi. Macho yote mawili yaliunguzwa na mwanga uliorudishwa na mabati. La kushoto lilikuwa linapona lenyewe. La kulia ndilo lililomuuma zaidi Jumapili, basi jirani mwema akaleta dawa ya matone iliyobaki kwa mgonjwa wake, mwingine akakamulia majani, na Kabula mwenyewe akalifikicha usiku na mchana. Sasa kulikuwa na kidonda kwenye kioo cha mbele cha jicho. Angelala gizani na kuja mapema, alisema daktari, tungekuwa tunazungumza mengine.

Nje kwenye benchi, Mama Kabula aliniomba nimweleze upya, kwa kuwa daktari alikwenda haraka. Nilimweleza kwa Kiswahili, na palipokuwa pagumu nilitumia Kisukuma changu cha kuokoteza. Jua linapiga bati, bati linalirudisha machoni, macho yanaungua kama mgongo wa mtu aliyelala juani; maumivu yanachelewa ili usijue yametoka wapi. Ilichukua muda mfupi kuliko kuita mahudhurio. Mama yule ambaye hakumaliza shule ya msingi alielewa yote mara ya kwanza, akaniuliza hata kuhusu maji ya ziwa na mchanga mweupe, kama navyo vinafanya hivyo hata kwa uchache. Nikasema ndiyo. Akafunga kanga yake upya.

"Mwalimu, hili ulikuwa unalijua?"

"Nililijua, mama."

"Tangu lini?"

"Nimelifundisha miaka kumi na moja."

Hakupandisha sauti. Angepandisha ningeshukuru. "Na mimi miaka hiyo yote nimeanika dagaa hapo chini ya shule yenu," alisema. "Tunawasikia watoto wakiimba."

Kidonda kilipona kikaacha kovu jeupe. Jicho la kulia la Kabula linaona kama kuna mwanga au hakuna, basi. Mama yake aliyapaka mabati yale matope siku tuliyorudi, yote, mpaka siku ya kuezeka. Wenzake walimcheka, kisha wakaja kuuliza, kisha wakaacha kucheka.

Mimi nilifungua droo, nikatoa kioo. Muhula uliofuata niliwatoa kidato cha pili nje, nikawapa beseni, bati na ungo wa mchanga, nikawaacha wabishane vipindi viwili. Nilipowauliza kwenu iko wapi, kwanza walinitazama kama nimeugua. Halafu msichana mmoja akataja mtumbwi saa saba mchana. Mvulana mmoja akataja kaka yake anayechomelea mageti mjini, Nyamagana, anayelala na macho yaliyovimba akidhani amerogwa. Kila mmoja alitumwa akamsimulie habari ile mtu mzima wa nyumbani kwao, kitabu kimefungwa, na arudi na swali aliloulizwa. Maswali ya mama zao yalikuwa makali kuliko ya baraza la mitihani.

Mwaka ule darasa langu lilishuka. Mkuu wa shule aliniita ofisini, akaniuliza nini kimenipata, mbona wimbo umeachwa. Nikamweleza. Alinisikiliza vizuri, akasema pole sana kwa yule binti, na akaniomba, kama haitanisumbua, wimbo uendelee. Niligoma. Basi wenzangu wakauendeleza wao! Ulishakuwa na miguu yake. Ukavuka kwenda darasa la jirani, ukahamia shule nyingine na walimu waliohamishwa, ukatiwa ngoma. Nimeupiga vita miaka ishirini na nimeshindwa. Husemwa mwenye macho haambiwi tazama. Mimi maisha yangu yote ya kazi nimewaambia wenye macho tazameni, na wao wananukuu.

Msidhani nalalamikia watoto peke yao. Nimeona mwanafunzi amepaka kitabu kizima wino wa njano, kila mstari, kisha ananiuliza asome wapi. Nimeona mwalimu anamsifu. Nimeona watoto wanakesha juu ya ukurasa mmoja, macho mekundu, midomo inatembea, na ukiwafunga kitabu wanabaki midomo wazi. Mtu wa namna hiyo hajasoma muda mrefu. Amekaa muda mrefu.

Sasa nirudi kwenye siku ya kuniaga, Deo, kuna jambo hukuliona kwa sababu ulikuwa na shughuli za maikrofoni. Yule mama aliyeketi mwisho kabisa wa safu upande wa kulia, ili jicho lake la kushoto lipate ukumbi wote, ndiye Kabula. Ana chanja zake za kuanikia dagaa sasa, za nyavu, zimeinuliwa kutoka chini, na wanawake anaofanya nao kazi wote wanavaa kofia pana za ukindu. Wimbo ulipoanza aliuimba. Hakukosea hata neno. Nilimtazama mpaka ubeti wa mwisho, na keki mliyonipa nikairudisha kwenye sahani.

Mlimwita aseme machache kwa niaba ya waliosoma zamani. Aliwaamkia walimu, akawageukia wale watoto waliokuwa bado wamejipanga, akawauliza swali moja.

"Theluji ya hapa kwetu iko wapi?"

Watoto wakatazamana. Sabini na kitu, vilevile. Nilishika kiti kwa mikono miwili, nikiomba ajibu hata mmoja, hata kwa Kisukuma. Ndipo wewe, Deo, ukawaokoa, ukacheka kwenye maikrofoni: "Dada, Mwanza hakuna theluji." Ukumbi mzima ukacheka. Kabula naye akacheka kidogo, kwa adabu, akarudi kuketi.

Kioo kiko kwenye droo ya meza niliyokuachia, ndani ya soksi, chini ya madaftari. Na siri ya ufaulu uliyoiomba unayo tayari, unaipiga makofi. Kabula alipata kumi juu ya kumi. Karatasi yake ninayo mpaka leo.